Holda ya simu kwenye pikipiki

Kaka, unayeuliza simu uifunge wapi ukitoka Uyole, Mbeya, kwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa: usifunge kwenye shina la saiti mira, pale mtetemo ni mwingi. Funga katikati ya usukani, holda yenye kucha nne na skrubu. Kabla ya kukaza, zungushia bomba la usukani kipande cha tyubu kuukuu. Bila hicho inazunguka kidogo kidogo mpaka unajikuta unasoma ramani kichwa chini. Mimi bado naongeza mpira mmoja juu ya simu. Sio urembo, lakini haijawahi kudondoka.

Kama simu yako ni ya bei, fikiria mara mbili. Mwaka 2021 Apple wenyewe walionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera, hasa zile zenye kituliza picha, yaani kinachozuia picha isitikisike. Chukua kitochi chako cha zamani, simu ya vitufe? Hakina ramani, hapo umekwama. Tafuta smartphone ya bei nafuu.

Njiani pale Tukuyu mvua haipigi hodi, beba mfuko usiopitisha maji wa kufunika simu. Na pakua ramani ukiwa bado mjini.