Ukituma mchoro wa mazoezi, tuma na swali

Mchoro wa kwanza niliowatumia wachoraji wenzangu mtandaoni ulikuwa wa simba. Niliunakili kutoka kwenye picha, nikaukalia siku nne, nikifuta na kurudia mpaka karatasi ikaanza kuchubuka. Chini yake nikaandika, "Mnaonaje?" Hongera zikamiminika. Nilifurahi, lakini kesho yake nilipofungua daftari mkono ulikuwa ule ule wa juzi. Sikuwa nimeuliza kitu, basi hakuna aliyekuwa na cha kunijibu.

Wiki iliyofuata nikatuma ukurasa mbichi. Naishi Tanga, mji wa baiskeli, na karibu na kwangu yupo fundi ambaye mbele ya kibanda chake hazikosi kuegeshwa tatu au nne. Nilichora Phoenix nyeusi kwa kalamu ya wino, bila kufuta, nikatuma na maneno haya: "Dakika 10, nimechora nikiiangalia. Gurudumu la mbele linaonekana linaanguka. Nimekosea wapi?"

Haikupita saa moja, dada mmoja wa Mombasa akanitumia ujumbe wa sauti. Aliniambia niache ringi kwanza, nitafute ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Gurudumu ukilitazama kwa mshazari si duara tena, linakuwa duaradufu, na upana mfupi wa duaradufu hiyo hufuata mwelekeo wa ekseli. Mimi nilikuwa nimesimama, baiskeli iko chini ya macho yangu, usukani umekatwa kushoto. Ekseli ilikuwa imeinama kabisa, lakini mkono wangu kwa mazoea ulichora duaradufu iliyosimama wima. Nikachora kijistari kimoja cha ekseli, nikazungushia ringi, gurudumu likakaa chini. Jioni ile nilijaza kurasa mbili za magurudumu matupu, na mpaka leo sianzi baiskeli bila kile kijistari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote: unapotuma mazoezi, taja muda uliotumia, sema kama ulikuwa unakitazama kitu chenyewe, picha, au umechora kwa kumbukumbu, kisha uliza jambo moja linalokusumbua.

Hilo la kumbukumbu lina uzito. Mwaka 2006 Rebecca Lawson wa Chuo Kikuu cha Liverpool alichapisha utafiti kuhusu namna watu wanavyoielewa baiskeli, na wengi, pamoja na kuiona kila siku, walikosea mahali pa fremu, pedali au cheni. Jicho linazoea kitu bila kukichunguza. Mwenzako akijua umechora kwa kumbukumbu atakuambia nenda ukaangalie. Akijua uliangalia, atakuonyesha namna ya kuangalia. Hayo ni majibu mawili tofauti kabisa.

Picha nayo ipigwe vizuri. Weka daftari karibu na dirisha asubuhi, zima flashi, na simu ilale sambamba na karatasi. Ukiiinamisha, ukurasa unakuwa mpana chini na mwembamba juu, na watu watakusahihisha makosa ambayo hayamo kwenye daftari. Kwenye WhatsApp itume kama faili, maana picha ya kawaida hubanwa na mistari laini ya penseli ndiyo huumia kwanza.

Kuna kipindi nilituma kila siku. Sikushauri. Nilianza kuhesabu dole gumba, na bila kujijua nikarudi kwa simba na machweo, vitu vinavyopendwa, nikaacha mikono na magurudumu yanayonishinda. Sasa natuma Jumapili tu, kurasa za wiki nzima kwa pamoja, nzuri na mbaya. Kila ukurasa una tarehe na mahali. Desturi hiyo niliipata kwa Urban Sketchers, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 2007 na Gabriel Campanario, mwandishi wa habari na mchoraji wa Seattle, Marekani. Wao huchora papo hapo walipo, na huhesabu mchoro kuwa kumbukumbu ya mahali na wakati. Ukirudi nyuma miezi sita ukakuta tarehe, unaona mwenyewe ulikotoka.

Kabla sijatuma changu, huwa nachagua michoro miwili ya wenzangu na kuitolea maoni kwa makini. Kumweleza mtu kwa nini kiwiko chake hakikunji kunanilazimisha nikitazame kiwiko changu. Na ukitaka kumrekebishia mtu kwa kuchora juu ya picha yake, mwombe kwanza. Mimi nilifanyiwa bila kuulizwa, mistari myekundu ukurasa mzima, na niliacha kuchora wiki mbili. Maoni yakikuchoma, yaache yalale usiku mmoja kabla ya kujibu. Asubuhi yasome tena ukiwa na mchoro mkononi.

Ukichora watu, waombe ruhusa. Fundi wangu alinijibu, "Mikono weka, sura acha." Basi nikachora mikono yake ikikaza spoki, na baiskeli nzima ikiwa nyuma yake, imeelekea kushoto. Kikundini walinisifia vidole, mmoja akanisaidia kivuli cha kiganja. Siku ya pili nikampelekea fundi simu aone. Akaivuta picha kwa vidole, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Cheni huwa kulia, kijana. Baiskeli ikitazama huku, fremu inakuwa mbele na cheni inajificha nyuma yake. Wewe umeileta mbele."

Nimeichora upya leo asubuhi. Jumapili hii nitatuma kurasa zote mbili, pamoja na maneno ya fundi kama alivyoyasema.