Mkono Uliotangulia Amina

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni kitu gani kinachomzuia zaidi Mkristo asitulie mbele za Mungu. Nadhani wengi watataja simu, nami siwapingi, kwa kuwa yangu imenisumbua vya kutosha. Hata hivyo naamini simu ni mlango tu. Anayeufungua ni wasiwasi, na wasiwasi huo huzaliwa pale mtu anapomkabidhi Mungu jambo kwa mdomo huku moyoni akiwa bado amelishikilia.

Nasema haya kwa yaliyonipata. Kuna kipindi nilikuwa nikisubiri majibu ya barua ya kuomba kazi, na kila alfajiri nilipiga magoti nikiomba mapenzi ya Mungu yatimizwe. Siku moja simu iliyokuwa imelala kifudifudi kando ya Biblia ilitetemeka, na kabla sijafika "Amina" mkono wangu ulikuwa umekwisha kuigeuza. Ulikuwa ujumbe wa matangazo. Nilibaki nimepiga magoti, mwanga wa kioo ukinipiga usoni, nikatambua kwamba muda wote niliokuwa nikitamka "mapenzi yako" sikio langu lilikuwa mezani.

Ndipo nikamrudia Nehemia, yule wa Biblia aliyeongoza kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu, katika sura ya 6 ya kitabu chake, ambayo nilizoea kuisoma kama habari ya ujenzi. Adui zake, Sanbalati na Geshemu, walimwita mara 4 wakutane katika uwanda wa Ono, na mara zote aliwajibu vilevile, kwamba anafanya kazi kubwa na hawezi kushuka. Mara ya 5 ikaja barua isiyofungwa, yenye uvumi kwamba anataka kuwa mfalme, na hapo wengi wetu tungeyaacha mawe tukaenda kulisafisha jina. Yeye alikanusha kwa maneno machache, kisha akamwomba Mungu aitie mikono yake nguvu. Hila iliyofuata ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu ilivaa joho la dini: Shemaya, aliyekodiwa na adui hao amtabirie uongo, alimshauri ajifungie hekaluni ili aokoe maisha yake, naye akakataa. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Nehemia hakuwa mtu asiyejali hatari, maana sura ya 4 inasimulia jinsi walivyomwomba Mungu na kuweka walinzi mchana na usiku. Nionavyo, aliweza kubaki juu ya ukuta kwa kuwa jina lake na uhai wake alikuwa amekwisha kuvikabidhi. Kuzima simu ni ushauri mwema na ninaufuata, lakini ukimya wa chumba haumfai kitu mtu ambaye ndani yake bado anapiga hesabu.

Siku hizi simu yangu hulala chumba kingine, na kabla ya ombi lolote nalitaja waziwazi lile ninaloliogopa siku hiyo, nikimwambia Mungu kwamba naona shida kumwachia. Zipo asubuhi ambazo nalirudia mara 4, mara 5, na magoti huanza kuuma kabla mkono haujalegea.