Bolti, skrubu au stadi? Kutaja vifungio vya injini ya pikipiki ya zamani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Coventry, Uingereza, ambako ninaifufua injini ya Triumph Bonneville ya mwaka 1966, na ninaandika mwongozo wa Kiswahili kwa ajili ya wadogo zangu walio mafundi wa pikipiki Tanga. Niliandika, "Skrubu za injini ziwe za chuma cha pua na nyuzi zake zilingane." Wamenirudishia wakiuliza ninataka skrubu gani, na hizo nyuzi ni za nini. Je, niseme skrubu, bolti au parafujo, na wingi wake ukoje? Tena, kufunga na kukaza vina tofauti gani?

JIBU: Marahaba. Wadogo zako wana haki ya kuuliza, kwa sababu sentensi hiyo ina maneno matatu ambayo kila moja laweza kumpeleka fundi dukani akarudi na kitu kisichofaa. Katika injini ya Uingereza ya miaka ile, yenye kasha la aluminiamu ambalo matundu yake yakishalika hayatengenezeki kirahisi, neno lililokosewa huishia kuharibu kifaa chenyewe.

Kiswahili cha gereji hugawa vifungio kwa kuangalia zana inayovifungua, na mimi naona mgawanyo huo unafaa kuandikwa vivyo hivyo. Kinachoshikwa kwa spana ni bolti, hata kama hakina nati upande wa pili. Kinachozungushwa kwa bisibisi ni skrubu. Kwa hiyo kichwa cha silinda cha Bonneville yako kimeshikwa kwa bolti, ilhali mifuniko ya pembeni imeshikwa kwa skrubu. Kitako cha silinda hakina bolti wala skrubu: kimeshikwa kwa stadi, yaani vipande vya chuma visivyo na kichwa, vilivyopandwa kwenye kasha la krenki na kufungwa nati juu yake. Ukiziita zote "skrubu za injini", umemwachia msomaji akisie. Parafujo, neno tulilolipata kwa Wareno, ni Kiswahili safi na wapo wanaolitumia kwa skrubu ya aina yoyote, lakini wengi wakilisikia huwaza mbao na bawaba za milango. Katika mwongozo wa injini ningeliacha.

Usihofu kwamba neno stadi litachanganywa na fundi stadi, kwani upatanisho wa kisarufi unatosha kuyatenganisha. "Stadi amechelewa" ni mtu, na "stadi imelegea" ni chuma. Bolti, nati, skrubu, stadi na washa zote huingia ngeli ya I-ZI, kwa hiyo wingi wake haubadiliki umbo: bolti hii, bolti hizi, nati imepotea, nati zimepotea. Najua kwamba mitaani watu husema "mabolti", na katika mazungumzo halina madhara, lakini ukiendelea na mtindo huo utafika kwenye "manati", na manati ni kifaa cha mpira ambacho watoto hupigia ndege.

Neno lililowatatiza zaidi wadogo zako ni nyuzi, nami ningependa tulitazame kwa karibu. Mikunjo iliyochongwa kwenye bolti wengi huiita nyuzi, na si kosa. Tatizo ni kwamba nyuzi ndiyo pia kipimo cha pembe tulichofundishwa katika hisabati. Katika injini za kisasa za mfumo wa metriki jambo hili halijitokezi sana, kwa kuwa pembe ya mikunjo ni moja tu, nyuzi 60. Injini yako haiko hivyo. Mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo chake cha mikunjo mwaka 1841 akiwa na pembe ya nyuzi 55. Mikunjo midogo zaidi ya BSF (British Standard Fine), iliyokuja mwanzoni mwa karne ya 20, ilifuata pembe hiyohiyo. Lakini ile ya baiskeli na pikipiki, inayojulikana kwa herufi CEI, ina pembe ya nyuzi 60. Chukua bolti mbili za unene wa robo inchi, moja ya BSF na nyingine ya CEI. Zote zina mikunjo 26 katika kila inchi, kwa macho huwezi kuzitenganisha, na nati ya moja huweza kuingia kwenye nyingine ikakudanganya kwamba imeshika, kumbe imegusa sehemu ndogo tu ya mkunjo. Sasa mtu akiandika "nyuzi 26, nyuzi 60", msomaji afanye nini?

Kiswahili kina dawa ya jambo hili tangu zamani, nayo ni neno hesi. Wazee wa pwani waliita skrubu "msumari wa hesi", wakimaanisha msumari wenye mikunjo ya kuzunguka, na mafundi bado husema "kukata hesi" na "hesi zimelika". Pendekezo langu ni kwamba mikunjo uiite hesi, na nyuzi uziachie pembe. Andika hivi: "bolti ya robo inchi, hesi ya CEI, mizunguko 26 katika kila inchi, pembe ya nyuzi 60." Sentensi ni ndefu, lakini haina mahali pa kuteleza. Usiache kutaja herufi za kipimo, kwa kuwa bolti za unene wa 5/16 ya inchi zina mizunguko 18 zikiwa za Whitworth, 22 zikiwa za BSF na 26 zikiwa za CEI, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vya pikipiki vya Uingereza vilipohamia hesi za Unified, yaani kipimo cha pamoja na Marekani, ikaongezeka ya UNF, hesi yake ndogo, yenye mizunguko 24.

Hapa kuna mtego mwingine ambao hukuuliza, lakini wadogo zako watauingia. Fundi wa Afrika Mashariki akisema "bolti ya kumi", mara nyingi anataja spana: ni bolti inayofunguliwa kwa spana namba 10, ambayo mwili wake ni milimita 6. Spana za Whitworth hufuata desturi iliyo kinyume, kwani namba iliyoandikwa juu yake ni unene wa mwili wa bolti ya Whitworth, wala si upana wa kichwa. Spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo unaozidi nusu inchi, na hiyohiyo hushika kichwa cha bolti ya BSF ya 5/16. Katika mwongozo wako, basi, taja mwili na spana kwa maneno mawili tofauti: "bolti yenye mwili wa 5/16, inayoshikwa kwa spana ya 1/4 W."

Kuhusu chuma cha pua, nadhani ulimaanisha chuma kisichoshika kutu, ambacho madukani huitwa stenlesi. Chuma cha pua kwa asili ni chuma kigumu kilichofuliwa, na bolti zote za injini yako tangu ilipotoka kiwandani ni za chuma hicho, zinashika kutu sana tu. Andika stenlesi pale unapotaka stenlesi, nawe uitake mahali panapofaa, kama skrubu za mifuniko. Stenlesi ya kawaida iliyopigwa alama A2-70 huanza kurefuka mapema kuliko bolti ya chuma cha kawaida yenye alama ya nguvu 8.8, na hesi zake hupenda kung'ang'ania zikikazwa kavu; bolti za mkono wa pistoni zisiwe za namna hiyo kabisa.

Limebaki suala la vitenzi. Kushikiza ni kuitia nati kwa vidole hadi hesi zikubaliane. Kufunga ni kuizungusha mpaka ikae mahali pake. Kukaza ni kuongeza nguvu baada ya hapo, kwa kiwango kilichowekwa. Mwongozo unaosema "funga bolti za kichwa cha silinda" haujamwambia fundi akaze kiasi gani, na unaosema "kaza" tangu mwanzo unaweza kumfanya aimalize bolti moja kabla nyingine hazijakaa, kichwa kikapinda. Andika: "Shikiza bolti zote kwa mkono, zifunge zote, kisha zikaze kidogo kidogo kwa zamu, ukianzia katikati kwenda nje, hadi zifike kiwango." Wakati wa kufungua utahitaji kulegeza kabla ya kufungua, kwa mpangilio ulio kinyume, na nati iliyogoma si lazima iwe imekazwa mno, huenda imeshika kutu, kwa hiyo mwambie msomaji aitie mafuta na kuiacha ilowe kabla hajaongeza urefu wa spana.