Hattie wa redioni, si Hattie wa tuzo

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni mwigizaji gani wa zamani anayekumbukwa kwa jambo moja, huku jambo kubwa zaidi alilofanya likiachwa nyuma ya mlango. Najua wenzangu watataja sauti za michezo ya redio tuliyokua nayo hapa kwetu, na hawatakosea. Jibu langu liko Marekani: Hattie McDaniel. Anayemjua anamjua kwa Oscar, ile tuzo kubwa ya filamu. Mimi nasema mtafuteni redioni.

Nilimwona mara ya kwanza nikiwa na pasi ya nguo mkononi. Nilikuwa Muscat, mfanyakazi wa ndani, mwaka wangu wa pili. Nyumba ile ilikuwa na bibi mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu cha Tanga, na jioni alipenda kuweka filamu za zamani za Kizungu zenye maandishi ya Kiarabu chini. Siku hiyo ilikuwa Gone with the Wind. Mwanamke mnene, mweusi, kilemba kichwani, anamkaza binti wa Kizungu kamba za kiunoni huku akimgombeza ale kabisa kabla ya kwenda karamuni, maana binti wa watu haonekani akifakamia chakula mbele ya wageni. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akanigeukia: "Mtazame mwenzio."

Hakuwa na ubaya yule bibi, Mungu amrehemu. Lakini mkono wangu ulisimama, pasi ikabaki juu ya kanzu ya mwanawe, ikaungua penye kifua. Kanzu hiyo niliilipa kwa mshahara wangu. Neno "mwenzio" ndilo lililonifanya nimtafute Hattie ni nani.

Alizaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1893, kitinda mimba wa watoto 13. Baba yake alizaliwa mtumwa, akaja kupigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Familia ikahamia Colorado. Huko Denver, mwaka 1910, akiwa msichana wa shule, alishinda medali ya kughani mbele ya watu, na hukohuko, katikati ya miaka ya 1920, akaimba redioni pamoja na bendi ya George Morrison. Yaani redio ilimpata kabla ya filamu. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929 alikuwa Milwaukee, na kazi aliyoipata ni ya kuhudumia choo cha wanawake kwenye klabu ya usiku. Klabu yenyewe haikuwa na desturi ya kupandisha Weusi jukwaani. Siku moja wakampa nafasi, akaimba, na choo kikatafutiwa mtu mwingine.

Mwaka 1931 akaenda Los Angeles. Kaka yake Sam alikuwa tayari anasikika kwenye stesheni ya KNX, katika kipindi chenye jina la maandazi, The Optimistic Do-Nut Hour, na Hattie akaingia humo. Inasimuliwa kwamba alifika studio amevaa gauni la jioni, kana kwamba wasikilizaji wangemwona, wakampachika jina Hi-Hat Hattie, yaani Hattie wa maringo. Kipindi kikapendwa. Malipo yakawa ya kuchekesha, kwa hiyo akaendelea kufua na kupika kwenye nyumba za watu. Hebu fikirieni: jioni sauti yako inachekesha sebule za watu, asubuhi uko kwenye sebule kama hizohizo na ufagio.

Filamu sitazihesabu. Alicheza nyingi, na katika nyingi jina lake halikuandikwa. Mwaka 1936 yumo katika Show Boat pamoja na Paul Robeson, yule mwimbaji Mweusi aliyewahi kujifunza Kiswahili London. Karibu zote ni aproni na trei.

Habari ya tuzo mnaijua, nitaipitia haraka. Gone with the Wind ilipozinduliwa Atlanta, katika jimbo la Georgia, Desemba 1939, waigizaji Weusi hawakwenda, kwa kuwa Georgia ilikuwa na ubaguzi wa kisheria. Tarehe 29 Februari 1940, kwenye hoteli ya Ambassador, Los Angeles, kwa nafasi ile ya mtumishi mwenye kilemba, akawa mtu Mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Hoteli ile haikuwa ikipokea Weusi. Mtayarishaji, David O. Selznick, ilibidi aombe ili aruhusiwe kuingia, akawekwa kwenye meza ndogo ukutani, mbali na wenzake wa filamu hiyohiyo. Ushindi aliustahili. Asiyeamini atazame anavyopanda ngazi na Melanie, mhusika mwingine wa filamu ile, baada ya kifo cha mtoto, anasimulia huku analia, hatua kwa hatua, na pumzi haimwishii wala neno halipotei. Hapo mwili unafanya kazi, lakini ukifumba macho bado unapata kila kitu. Ile ni kazi ya mtu aliyelelewa na maikrofoni.

Kisha yakaja maneno. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi Marekani, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kuwataka wakubwa wa studio waache kuwaonyesha Weusi kama watumishi na wachekeshaji tu. Jibu linalosimuliwa kuwa la Hattie ni kwamba afadhali dola 700 kwa wiki kwa kuigiza mtumishi kuliko dola 7 kwa kuwa mtumishi kweli. Wanaolinukuu hulinukuu kama mzaha. Kwangu si mzaha, ni hesabu, maana nimewahi kuipiga, na kwenye daftari langu hakukuwa na upande wa 700.

Hata hivyo White simlaumu. Alichokisema kuhusu filamu zile kilikuwa kweli. Nilipogeukiwa na kuambiwa "mwenzio", filamu ndiyo iliyompa bibi yule neno. Kosa ni kudhani kwamba Hattie ndiye aliyekuwa akiandika filamu. Vita vilipokwisha studio zikapunguza nafasi za watumishi, na hazikumwandikia nyingine badala yake. Simu ikaacha kulia.

Sasa tuje kwenye redio, ambako ndiko swali lenu linakojibiwa.

Marekani wakati huo kulikuwa na mtumishi wa redioni aliyependwa mno, jina lake Beulah: mwanamke Mweusi, mpishi, mcheshi. Alianza kutikisa nchi mwaka 1944 ndani ya kipindi cha Fibber McGee and Molly. Aliyemwigiza alikuwa mwanamume wa Kizungu, Marlin Hurt. Soma tena. Studio zile zilikuwa na watazamaji waliokaa kwenye viti, na Hurt alikuwa akisimama akiwa amewapa mgongo. Zamu yake ikifika anageuka ghafla kwenye maikrofoni, anaachia ile sauti nyembamba ya kike yenye lafudhi ya kubandika, na ukumbi unapasuka kwa kicheko, kwa kuwa wanaona kinywa cha nani kinaitoa. Wa nyumbani wanasikia kicheko wasijue kinachochekwa. Mwaka 1945 akapewa kipindi chake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1946, wakamtafuta mwingine wa kushika nafasi ya Beulah, na wakampata: Bob Corley, mwanamume wa Kizungu tena.

Novemba 1947 nafasi ile akapewa Hattie McDaniel. Dakika 15 kila jioni, siku tano za wiki, kwenye mtandao wa redio wa CBS, mdhamini ni kampuni ya sabuni. Mwanamke Mweusi kuwa nyota wa mchezo wake wa kuchekesha kwenye redio ya nchi nzima, hilo halikuwahi kutokea. Na kabla ya kufungua mdomo aliweka masharti: hatazungumza kwa lafudhi ile ya kubandika, na maandishi asiyoyapenda ana haki ya kuyabadilisha.

Hapa ndipo mimi naweka uzito wote. Oscar alipewa. Tena alichopewa hakikuwa hata sanamu, kilikuwa kibao, maana ndicho walichopewa waigizaji wasaidizi miaka hiyo. Sharti la maandishi hakupewa, alilidai. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ndani ya nyumba ya mwingine anajua kuna sauti mbili: moja ya kusemea jikoni ukiwa peke yako, nyingine ya kujibia ukiitwa. Hurt aliichukua hiyo ya pili, akaivimbisha, akaiuza kwamba ndiyo sisi. Hattie alikuja na ya kwanza.

Sitaki kuipamba kupita kiasi. Beulah aliendelea kuwa mtumishi wa familia ya Henderson. Aliendelea kutatua matatizo ya mabosi wake huku mchumba wake Bill akikwepa ndoa wiki hadi wiki. Dakika 15 zikiisha, vyombo bado ni vyake kuosha.

Ila nje ya studio alikuwa akijibu kwa sauti nyingine tena. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa Los Angeles, mtaa wa West Adams uliokuja kuitwa Sugar Hill, yenye vyumba 17. Majirani Wazungu wakaenda mahakamani kuwatoa Weusi mtaani, wakishikilia hati zilizokataza nyumba zile kukaliwa na asiye Mzungu. Hattie na wenzake wakasimama na wakili Loren Miller, na mwaka 1945 wakashinda. Miaka mitatu baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, katika kesi nyingine, kwamba mahakama haziwezi kutekeleza hati za namna hiyo popote nchini. Mwigiza watumishi alibaki nyumbani kwake, na wenye kumtaka ahame ndio walioshindwa.

Mwaka 1951 akapewa pia Beulah wa televisheni, akarekodi vipindi sita, ugonjwa ukamrudisha nyumbani. Saratani ya matiti ilimchukua tarehe 26 Oktoba 1952. Aliacha ameomba azikwe kwenye makaburi ya Hollywood. Yakamkataa kwa rangi yake, akazikwa Rosedale. Kile kibao aliwaachia Chuo Kikuu cha Howard, kikapotea, na kingine kikatolewa mwaka 2023. Kwenye ile njia ya nyota za Hollywood anazo nyota mbili, moja ya filamu na moja ya redio. Picha zinazozunguka ni za ile ya kwanza.

Baadhi ya vipindi vyake vya redio bado vipo, na vya Hurt pia vipo. Mwezi uliopita nilikuwa nachambua dagaa na wifi yangu, simu nimeiegemeza kwenye sufuria, nikaweka kwanza kipande cha Hurt, kisha cha Hattie. Wifi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Sikumwambia nani ni nani. Aliendelea kuvunja vichwa vya dagaa, kipande cha pili kilipokwisha akasema, "Wa kwanza anacheza. Huyu wa pili ana kitu jikoni kinaungua."

Msomaji wenu, Tanga