Arifureta: Maswali yenu kuhusu msimu wa kwanza

Arifureta ni riwaya ya Ryo Shirakome wa Japani. Ilianza bure mtandaoni mwaka 2013, ikatoka vitabu kuanzia 2015, na Julai 2019 ikafika kwenye anime, yaani katuni za Kijapani, kwa vipindi 13. Tunaipenda hadithi hii, ndiyo maana msimu ule bado unatuuma. Tunayajibu maswali bila kufichua yaliyo mbele sana.

Nimerudia kipindi cha kwanza mara mbili nikidhani nimeruka kimoja. Nimekosa nini?

Hujaruka kitu. Waandaaji walianzia shimoni, pale mhusika mkuu Hajime alipokwisha kuanguka, na yaliyotangulia wakayarusha kwa vipande vya kumbukumbu. Kitabuni mambo yanakwenda kwa zamu. Darasa zima linanyakuliwa kutoka Japani hadi ulimwengu wa Tortus, kila mwanafunzi anapewa bamba linaloonyesha nguvu zake kwa tarakimu. Kouki, anayeitwa shujaa, anapata 100 katika kila kipimo. Hajime anapata 10 tu katika kila kipimo, sawa na mpita njia yeyote, na kipaji chake ni kufinyanga madini, kazi ya wahunzi. Usiku wa kuamkia safari ya kuingia mzingile wa Orcus, Kaori, msichana wa darasa lao, anamfuata Hajime chumbani. Ameota ndoto mbaya juu yake, anamwahidi kumlinda. Kesho yake, wakipigana na zimwi darajani, tufe la moto la mwanafunzi mwenzao linamgeukia Hajime, daraja linakatika, naye anaporomoka.

Sasa ondoa hayo yote uone kinachobaki: kijana mkali ambaye hujui ukali wake umetoka wapi, na msichana anayemlilia mtu ambaye hukuwaona wakizungumza. Hili ndilo kosa kubwa la msimu mzima, kubwa kuliko picha mbovu.

Kwa nini mazimwi yanaonekana kama yametoka kwenye gemu ya zamani?

Kwa sababu yametengenezwa kwa kompyuta, huku watu wamechorwa kwa mkono. Kuchora zimwi lenye manyoya na miguu mingi, fremu kwa fremu (yaani picha moja moja), kunakula siku. Umbo la kompyuta ukishalijenga unalizungusha utakavyo. Tatizo ni kuoanisha. Video ina fremu 24 kwa sekunde, lakini mchoro mmoja wa mkono kwa kawaida hukaa fremu mbili au tatu, yaani michoro 12 au 8 kwa sekunde. Zimwi likitembea kwa fremu zote 24 linateleza kama liko juu ya barafu. Mwanga wake usipofanana na wa mandhari, na miguu isipoangusha kivuli ardhini, jicho linakataa papo hapo. Mtazame dubu mwenye makucha anayemkata Hajime mkono: hana uzito.

Halafu kazi ya kuitengeneza anime yenyewe ilisuasua. Ilitangazwa kwa Aprili 2018, ikasogezwa hadi Julai 2019. Mwongozaji Jun Kamiya akapisha, akashika Kinji Yoshimoto, na studio ya asread ikaungana na White Fox.

Hajime bastola anaipata wapi? Mimi niliiona tu mkononi.

Anaifinyanga mwenyewe, na kitabuni hiki ni kipande kitamu. Njaa inamlazimisha kula nyama ya zimwi, ambayo kwa binadamu ni sumu: mwili unapasuka ndani, maji ya uponyaji aliyoyapata mwambani yanauunga, unapasuka tena, mpaka nywele zinageuka nyeupe. Nyama ya zimwi humpa nguvu za zimwi hilo: ya mbwamwitu inampa umeme. Baadaye anapata jiwe gumu la kutengenezea mtutu na jiwe linalolipuka la kufanyia baruti. Anaharibu na kurudia mara nyingi mno mpaka inatoka bastola ya risasi sita, aiitayo Donner. Baruti inaisukuma risasi, umeme unaiongezea kasi; ndiyo sababu inatoboa ngozi ambayo upanga haupenyi. Bila hatua hizo, silaha inakuwa zawadi ya bure.

Misimu iliyofuata imepona?

Nusu. Wa pili (2022, vipindi 12) ulipata mwongozaji mpya, Akira Iwanaga, na mtiririko unaeleweka, ingawa mbio bado zipo. Wa tatu ulianza Oktoba 2024 na una vipindi 16. Nafasi hiyo ya ziada inasaidia.

Kuna chochote kizuri msimu wa kwanza?

Sauti. Yuki Kuwahara anampa Yue, binti mnyonya damu, utulivu ule ule wa kitabuni.

Nikitaka kusoma, nianzie juzuu ya ngapi?

Ya 1, hata kama umemaliza msimu. Vipindi 13 vilifika hadi juzuu ya 4, kwa hiyo ukianzia ya 5 utakuwa umeruka kila tulichokieleza hapa. Kama muda ni mfupi, soma ya 1 yote na ya 4, kisha endelea. Asiyependa maandishi marefu achukue manga (hadithi ya katuni kitabuni) iliyochorwa na RoGa, ambayo mazimwi yake yanatisha kweli.