Maswali na majibu: mtaji, mikopo na biashara zetu ndogo ndogo

Maswali yaliyokuja safari hii karibu yote yanazunguka kwenye mtaji, nimeyafupisha kidogo ila maana sijaigusa. Msiruke jibu la mwenzenu, maana mama lishe wa Mbagala na fundi wa Tabora wanabanwa na kitu kilekile, hela inatakiwa irudi haraka kuliko biashara inavyoweza kuizalisha.

Nauza chakula Mbagala. Nilikopa laki tatu kwa hawa wa kausha damu, narudisha elfu 12 kila siku kwa siku 30. Sijawahi kuruka hata siku moja lakini naona mtaji unaisha. Nakosea wapi? (Mama lishe)

Mama yangu, tatizo haliko kwenye upishi wako. Hebu tupige hesabu. Elfu 12 mara 30 ni laki tatu na elfu 60, kwa hiyo wamekwambia riba asilimia 20, na mtu akisikia 20 anaona kawaida tu mbona hata benki wanataja namba za hivyo. Ila benki wanataja ya mwaka, hawa ni ya mwezi mmoja. Halafu ile laki tatu hukukaa nayo mwezi mzima, kesho yake tu ulishaanza kuirudisha, ikifika siku ya 15 nusu imeshaondoka, yaani ukichukua wastani mkononi mwako mwezi mzima kulikuwa na kama laki na nusu tu, na kwa hiyo laki na nusu umelipia elfu 60. Hapo ni karibu asilimia 40 kwa mwezi, na sijagusa ile hela ya fomu waliyokukata mwanzoni.

Sasa jiulize, ukishatoa mchele, mafuta, mkaa, kodi ya kibanda na mshahara wa binti anayekusaidia, je inabaki elfu 12 safi kila siku? Kama inabaki elfu 8, basi elfu 4 ya rejesho inatoka kwenye mtaji, kila siku, na mvua ikinyesha wateja wasije rejesho liko palepale. Ndo inakoishia hela yako.

Cha kufanya, kwanza usikope kwingine kulipa huu. Najua wanakushawishi ufunge mmoja ufungue mwingine, kataa. Nenda kaongee nao mpunguze rejesho la siku na muda uongezwe, na muandikishane, usiende peke yako. Pili uliza leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Benki Kuu ilishaweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ndo hawahawa wasiopokea amana. Kwa laki tatu yako hiyo ni 10,500 kwa mwezi, linganisha na elfu 60. Asiye na leseni, au anayekuja kukubebea friji na godoro mchana kweupe, anaripotiwa serikali ya mtaa, polisi na Benki Kuu wenyewe. Wanawake wengi wananyamaza kwa aibu, mume asijue, majirani wasijue, na hawa watu wanaishi kwa aibu hiyo. Usinyamaze mama. Na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri usimuachie mtu yeyote, hata akisema ndo utaratibu wa ofisi.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 imerudi kweli au ni maneno? Tuko vijana wanne tunafuga kuku. (Kijana, Dodoma)

Imerudi. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha hela nyingi hazirudi na kuna vikundi hewa, ikaanza tena 2024. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba hata senti. Hakuna hela ya bei rahisi kuliko hiyo nchini, kwa hiyo mimi nasema pambaneni nayo.

Mko wanne, kikundi kinatakiwa watu watano na kuendelea, ongezeni mmoja. Na hapa ndo pa kutuliza akili, msimwokote tu mtu wa kujaza namba. Hela inaandikwa jina la kikundi, huyo wa tano akitoweka na fungu lake mnabaki nyie kulipa, chukueni mtu mnayemjua hadi kwao. Kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba, muhtasari wa vikao, akaunti ya benki ya kikundi, na hao kuku wawepo kweli maana watakuja kuwaangalia. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, yeye ndo mlango, na maombi siku hizi yanaingizwa kwenye mfumo mtandaoni, atawaelekeza.

Kingine, msiombe milioni 20 kwa sababu mmesikia kikundi fulani kilipata. Andikeni mnachoweza kukitetea, vifaranga wangapi, chakula mifuko mingapi, chanjo, wiki ngapi mpaka kuuza. Kuku wa nyama anachukua kama wiki tano sita, wa mayai anaanza kutaga akiwa na miezi mitano hivi, sasa mkijaza fomu kwamba mtaanza marejesho baada ya miezi miwili na mnafuga wa mayai mtakuwa mmejifunga wenyewe. Ombeni muda wa kuanza kulipa uendane na kuku wenu.

Nilikopa elfu 50 kwenye programu ya simu, nikachelewa siku mbili wakaanza kuwatumia meseji watu wote kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli, mpaka mchungaji wangu kapata. Nifanye nini? (Muuza mitumba, Arusha)

Pole sana kaka, huo ni udhalilishaji na sio ukusanyaji wa deni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na kibali, angalia kama uliyotumia imo. Ukipiga picha zile meseji una ushahidi, peleka malalamiko Benki Kuu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana tangu 2022 tuna sheria inayolinda taarifa zako na hao hawakuwa na haki ya kuzoa namba za ndugu zako. Deni la msingi lilipe, ulikula hela ya mtu. Halafu futa programu hiyo.

Mikopo ya mitandao ya simu kama M-Pawa, Songesha na Nivushe hiyo ni kitu kingine, iko kihalali, ila ni ya kuvukia siku chache tu mzigo uko njiani, sio ya kufungulia biashara. Na usidharau deni dogo la simu, ukiliacha taarifa zinaingia kwenye mifumo ya kumbukumbu za mikopo, siku unaenda benki kuomba milioni 5 unakutana na elfu 30 ya miaka miwili iliyopita.

Nachomelea mageti na madirisha. Kazi zipo nyingi ila mashine yangu ndogo na benki wanataka hati ya nyumba, sina. (Fundi, Tabora)

Fundi, wewe huhitaji hela, unahitaji mashine, na hilo linakufungulia njia nyingine. Kuna kampuni zinazokodisha vifaa kwa utaratibu wa kulipia kidogo kidogo mpaka vinakuwa vyako, unatoa malipo ya mwanzo, mashine yenyewe ndo inakuwa dhamana. EFTA wanafanya hivyo, na kwa walio kwenye kilimo na usindikaji kuna PASS Leasing. PASS wenyewe pia wanadhamini wakulima benki, yaani wewe dhamana yako haitoshi wao wanasimamia sehemu ya mkopo. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, nao wako kila mkoa, wana mikopo yao na mafunzo, na watu wengi wanapita pale nje kila siku wanadhani ni karakana tu.

Ila kabla ya hayo yote, mageti huwa unachukua advansi kiasi gani? Mafundi wengi wanaanza kazi kwa mteja kutoa theluthi, wananunua chuma kwa hela yao, mteja anachukua geti anaanza hadithi za mwisho wa mwezi. Hapo wewe ndo umegeuka benki ya mteja bila riba. Advansi iwe angalau bei ya vifaa vyote, na asiyekubali mwache aende, inauma lakini mwache. Wapo mafundi ambao hilo tu limewatosha, wala mkopo hawakuutafuta tena.

Nina genge Mwanza, mauzo kama elfu 17 kwa siku lakini hela siioni. (Dada wa genge)

Mdogo wangu, nunua daftari. Kila jioni andika ulichouza, ulichonunua, ulichokopesha, na ulichochukua kupeleka nyumbani, hicho cha mwisho ndo wengi hawaandiki. Nyanya ya kupika, hela ya daladala ya mtoto, vocha, vyote vinatoka kwenye genge na havina jina. Jilipe kiasi kinachojulikana, hata elfu 3 kwa siku, zaidi ya hapo usiguse. Mpaka umefanya hivyo mwezi mzima usikope popote, maana hujui bado kama unakosa mtaji au unaula.

Na daftari hilo lina faida nyingine. Elfu 17 kwa siku ni kama milioni 6 kwa mwaka. Kwa viwango vya kodi ya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 halipi kodi ya mapato, na kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu analipa laki moja, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kwako ukiwa na daftari ni kama elfu 60. Viwango huguswa kwenye bajeti, kaulize ofisi ya TRA vya mwaka huu.

Nimetumiwa linki WhatsApp ya "mkopo wa Rais kwa wajasiriamali", natakiwa kutuma elfu 25 ya usajili.

Usitume. Ni wezi.

Nashona sare za shule. Kipi bora, mchezo au VICOBA? (Fundi cherehani, Tanga)

Vyote vizuri, kazi zake tofauti. Mchezo mkiwa kumi kila mmoja elfu 50 kwa mwezi, ukifika zamu yako unashika laki tano bila riba wala fomu, ila hakuna akiba inayokua na kijumbe anayekusanya hela akiyumba mmeumia wote. VICOBA unanunua hisa, unakopa kwa kawaida mpaka mara tatu ya hisa zako, riba ndogo, na ile riba inarudi kwenu wenyewe kwenye mgao wa mwisho wa mzunguko, pia kuna mfuko wa jamii mkipata msiba au ugonjwa. Kiwe kimesajiliwa tu, sheria ileile ya 2018 inavitambua vikundi kama daraja la nne, na sanduku liwe na funguo tatu kwa watu watatu wasio wa nyumba moja.

Kwa kazi yako mimi ningecheza vyote viwili kwa kiasi. Shule zinafunguliwa Januari, vitambaa unatakiwa uvinunue mapema kabla bei haijapanda Desemba, kwa hiyo kwenye mchezo omba namba itakayoangukia Oktoba au Novemba. Ukipewa ya Machi badilishana na mwenzio, muuza mbegu au pembejeo ataifurahia.