Kifua wazi alfajiri ya Julai

Mwezi wa saba, alfajiri ya Igombe, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, inaweza kushuka hadi nyuzi 16 hivi za Selsiasi, na mimi huwa nimevaa kaptula tu. Vijana huniuliza natumia dawa gani. Sina dawa. Nilifundishwa na mzee mmoja kwenye mtumbwi wa dagaa, na somo lake la kwanza lilikuwa kunivua shati.

Ulikuwa usiku wangu wa tatu ziwani. Mawimbi yalitumwagia maji, shati la pamba likanigandia mgongoni, nikajikunyata karibu na karabai huku meno yakigongana. "Mwanangu, vua hilo shati," akasema. Nikalivua shingo upande. Akatoa kanga kavu kwenye ndoo yenye mfuniko, nikajifuta mwili mzima. Kabla hatujamaliza kuvuta wavu, kutetemeka kulikuwa kumekwisha.

Baadaye nilielewa. Maji yanapokauka juu ya mwili huondoka na joto lako. Shati lililolowa hushika maji muda mrefu, kwa hiyo upepo unakuibia joto muda wote huo. Ngozi tupu ukiifuta inakauka mara moja na wizi unakoma. Kwa hiyo ukiwa kifua wazi, ogopa kwanza unyevu, kisha upepo. Baridi yenyewe naiweka ya tatu.

Upepo una tabia zake hapa kwetu. Mchana huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu. Basi alfajiri kaa nyuma ya jabali, upande unaotazama maji. Jioni majabali yetu ni neema kubwa zaidi: yamekunywa jua kutwa nzima, na ukiegemeza mgongo wako mtupu unasikia joto lake hata giza likiingia. Ila giza hilohilo huja na mbu, na hapo mimi huvaa bila ubishi.

Ukioga ziwani asubuhi utaona maji yana uvuguvugu kuliko hewa. Usidanganyike ukakaa humo. Maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa, na utakapotoka ndipo utakapoumia. Epuka pia maji yaliyotulia penye matete na konokono, kichocho kipo.

Mwili nao unazoea, lakini kidogo kidogo. Anza na dakika tano, ongeza wiki kwa wiki, na usikae bure: vuta kamba, anika dagaa, pasua kuni. Kula kwanza. Mimi hunywa uji na kutafuna michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, kabla ya kutoka. Pombe kali iache kabisa. Inasukuma damu kwenye ngozi, unajisikia moto huku joto linakukimbia. Nimeshuhudia kijana akishushwa mtumbwini vidole vimekakamaa kwa sababu hiyo, na sitaki kuliona tena.

Mwenye selimundu asijaribu hata kidogo, maana baridi huweza kumwamshia maumivu makali. Mwenye pumu amwone daktari kwanza. Watoto wadogo wavalishwe.

Kipimo changu ni fundo. Vidole vikishindwa kufunga fundo la kamba, au ulimi ukiwa mzito, natoka upeponi, najifuta, navaa nguo kavu na kukaa karibu na jiko hadi vidole virudi.